Rundo la Mawe: Kaburi, Zizi au Shamba la Kale?

Agosti iliyopita binamu yangu alileta trekta kwenye ploti aliyonunua upande wa Kajiado, mwendo wa saa moja na ushee kutoka Nairobi ukibahatika kutokwama Kitengela. Kazi ilikuwa kung'oa vichaka na kusawazisha ardhi kabla ya kuchimba msingi. Trekta ilichapa kazi hadi saa nne asubuhi, ikafika kona ya juu ya ploti, ikasimama. Mbele yake palikuwa na rundo la mawe, kimo cha kiuno cha mtu mzima, upana wa hatua sita, limeota nyasi na mgunga mmoja pembeni. Dereva akazima injini, akashuka.

Ndani ya nusu saa rundo hilo lilikuwa limepata hadithi tatu. Fundi alisema ni mawe ya bure: lori mbili za kujazia msingi, na pesa zimeokolewa. Dalali, ambaye bado alikuwa na ploti za jirani za kuuza, alisema hapo zamani palikuwa shamba. Watu wa kale waliyatoa mawe wakayarundika ili walime, na hiyo ndiyo dalili kwamba udongo una rutuba. Mzee mmoja aliyekuwa akipitisha mbuzi akasimama, akaegemea fimbo, akasema kwa upole, "Mwanangu, hapo amelala mtu. Baba yangu kila akipita hapa alikuwa akiongeza jiwe."

Binamu akanipigia simu. "Wewe ndiwe husoma mambo haya. Ni kaburi au ni shamba?"

Nilimwomba asimamishe trekta hadi nifike. Swali lake limewasumbua wanaakiolojia kwa vizazi kadhaa, tena katika mabara tofauti, kwa sababu rundo la mawe ni kitu kinachotazamwa na kila mtu lakini hakisemi chenyewe kilipangwa kwa nini. Mtu akizika, hurundika mawe. Akilima, hurundika mawe. Akijenga zizi likabomoka, mawe hubaki yamerundikana. Miaka 3,000 ikipita, yote matatu hufanana.

Mawe yanayozaliwa

Nianze na shamba, kwa sababu hilo nalijua kwa mikono yangu. Likizo za shule nilikuwa nazimaliza Machakos kwa nyanya yangu, na kazi ya watoto baada ya plau ya ng'ombe kupita, kabla ya mvua za vuli, ilikuwa kuokota mawe. Tulikuwa na karai moja iliyotoboka. Tuliibeba wawili wawili, mmoja huku na mwingine kule, tukamwaga juu ya mwamba uliojitokeza katikati ya shamba. Nyanya alichagua mwamba ule kwa hesabu: plau haiwezi kupita pale hata hivyo, basi mawe yakae mahali ambapo hayatakula nafasi ya mahindi.

Alikuwa na kanuni zake. Jiwe kubwa la kubebwa na watu wawili lilipelekwa kwenye ukingo wa fanya juu, ule mtaro ambao udongo wake hutupwa upande wa juu kuzuia maji. Jiwe la ukubwa wa ngumi au kichwa cha mtoto lilikwenda kwenye rundo. Dogo kama yai la kuku liliachwa. "Hilo liache, linashika unyevu." Na kila mwaka mawe yalitokea tena, mpaka mdogo wangu akauliza kama yanazaliwa.

Kwa namna fulani yanazaliwa. Mvua huchukua udongo mwepesi juu ya mteremko na kuyaacha mawe wazi; plau huingia chini na kuyapandisha mengine. Katika nchi za baridi kali kuna sababu ya ziada: maji yaliyo ardhini yakiganda huvimba, yakayasukuma mawe juu kidogo kila msimu wa baridi. Kwa hiyo kuokota mawe si kazi ya siku moja. Ni kazi ya vizazi, na rundo la shamba hukua polepole, karai baada ya karai.

Hapo ndipo alama zake zinapopatikana. Rundo la kusafishia shamba huwa la mawe yanayoweza kubebwa na mtu mmoja, yametupwa bila mpangilio, na katikati yake pamejaa udongo uliokuja na mawe. Mara nyingi limekaa juu ya mwamba au jiwe kubwa lisilong'oka. Halikai peke yake, kwa kuwa hakuna anayebeba jiwe kutoka mwisho wa shamba hadi mwisho mwingine wakati anaweza kulitupa karibu. Kwa hiyo utakuta marundo madogo madogo mengi, yameachana kwa hatua kadhaa, na kati yake ardhi iliyobaki na mawe machache. Tena upande wa juu wa kila rundo, udongo ulioteremshwa na mvua na jembe hujikusanya kama maji nyuma ya kizuizi, huku upande wa chini ukimomonyoka. Ukiona udongo umepanda kwa nyuma ya rundo namna hiyo, juu yake palikuwa pakilimwa.

Na ndani ya rundo huingia takataka za wakati wake. Sisi tulipobomoa sehemu ya rundo la nyanya ili kujenga choo, chini kabisa tulikuta jembe lililovunjika shingo, na juu yake vipande vya chupa ya taa. Nyanya alilitambua jembe. Lilikuwa la mama mkwe wake.

Ulaya walivyojifunza kusoma mawe

Katika karne ya 19 waungwana wa Uingereza waliokuwa na muda na pesa walipanda nyanda za juu za Yorkshire, wakayakuta mamia ya marundo madogo ya mawe, wakaajiri vibarua wayafukue. Walitafuta mifupa, vyungu na shaba. Katika marundo makubwa yaliyo juu ya vilele walipata makaburi kweli. Katika yale madogo yaliyosambaa kwenye miteremko, mara kwa mara hawakupata chochote. Wengine walidhani mifupa imeyeyuka kwenye udongo wenye asidi, jambo linalowezekana. Ilichukua muda mrefu kabla ya wataalamu kukubali kwamba "hakuna chochote" ndilo jibu: yalikuwa mawe yaliyotolewa shambani na wakulima wa Enzi ya Shaba, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, kwenye ardhi ambayo leo ni nyika ya vichaka tu.

Kusini mwa Uswidi, jimboni Småland, hadithi ni kubwa zaidi. Ndani ya misitu mtu hutembea kilomita nzima akikanyaga marundo ya mawe yaliyovikwa ukungu wa kijani, na mashamba yaliyoyazaa yalianza kulimwa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, yakaachwa, yakalimwa tena, yakaachwa. Msitu ulioonekana wa asili tangu kuumbwa kwa dunia kumbe uliota juu ya mashamba.

Kisha kuna Ireland. Miaka ya 1930, mwalimu wa shule aitwaye Patrick Caulfield, katika kaunti ya Mayo, alikuwa akikata udongo wa mboji ambao watu wa huko huukausha na kuuwasha kama kuni. Chini ya mboji alikuta mawe yaliyopangwa. Mboji huota juu ya kitu polepole sana, kwa hiyo aliyeyapanga alitangulia mboji. Mwanawe, Seamas, alikuja kuwa mwanaakiolojia, na kuanzia miaka ya 1970 alizifuata kuta zile kwa njia rahisi ajabu: alichoma fito ndefu za chuma kwenye mboji, akahesabu kina ambacho ncha iligonga jiwe. Fito moja baada ya nyingine, ramani ya mashamba ikajitokeza bila kufukua. Panaitwa Céide Fields, na umri uliozoeleka kutajwa ni zaidi ya miaka 5,000, ingawa wapo watafiti wanaosema kuta zenyewe ni changa kuliko hapo.

Ubishi huo wa Céide una maana kwetu. Mawe hayana tarehe. Jiwe la volkano la Kajiado lina umri wa mamilioni ya miaka, hata kama lilirundikwa juzi. Kinachopimika ni kile kilichonaswa chini yake.

Kawa na chakula

Fikiria kawa juu ya sinia. Siku mtu alipoweka jiwe la kwanza, alifunika sehemu ya ardhi kama ilivyokuwa siku ile. Mvua haikuifikia tena vizuri, plau haikuigeuza, mizizi ilipungua. Pembeni ardhi iliendelea kubadilika kwa karne nyingi, lakini chini ya rundo imebaki sahani ya udongo wa zamani. Mwanaakiolojia anafunua kawa ili aone chakula. Mawe yenyewe humhangaisha kidogo tu.

Anachotafuta kwanza ni makaa. Wakulima wengi wa kale waliwasha moto kabla ya kupanda, na vipande vya makaa hubaki. Kila kilicho hai huvuta kaboni, na sehemu ndogo sana ya kaboni hiyo ni aina ya 14, isiyotulia. Kiumbe kikifa, kaboni 14 haiongezwi tena. Inapungua, na baada ya miaka 5,730 hubaki nusu yake. Pima kilichobaki, utajua mti ulikufa lini. Lakini angalia mtego uliomo. Makaa yanaweza kuwa ya moto wa nyika uliopita miaka 500 kabla ya mtu wa kwanza kuokota jiwe, au ya kiini cha mti mzee ambacho kilikufa karne nyingi kabla ya mti kukatwa. Tarehe moja kutoka kipande kimoja cha makaa haitoshi kumtangaza mkulima. Nimewahi kuona hoja nzima imejengwa juu ya kipande kama hicho, na inasikitisha, maana tarehe zikiwa nyingi na kutoka marundo mbalimbali ndipo zinapoanza kupatana.

Njia nyingine hupima mchanga. Chembe ya mchanga ikizikwa gizani hukusanya nguvu kutoka kwenye mionzi hafifu ya udongo unaoizunguka, kama betri inayochajiwa kidogo kidogo. Mwanga wa jua huifuta nguvu hiyo yote. Wataalamu huchota mchanga uliokuwa chini ya jiwe bila kuuonyesha jua, wakaupeleka maabara gizani, wakapima chaji. Kwa njia hii wanapima siku jua lilipofungiwa nje, na hiyo ndiyo siku jiwe lilipowekwa. Kwa marundo hii ni nafuu kubwa kuliko makaa.

Halafu kuna chavua, unga wa maua, ambayo ganda lake hudumu kwa maelfu ya miaka. Miti ikipungua ghafla na magugu ya mashambani yakiongezeka, huenda mtu alifyeka. Ulaya njia hii imefanya maajabu kwa ngano na shayiri, kwa sababu chavua zake ni kubwa kuliko za nyasi nyingi za porini. Kwetu mambo ni magumu: mtama na wimbi ni jamii ya nyasi, na chavua zake zinafanana mno na za nyasi zinazoliwa na swara. Kwa hiyo nyika ya asili na shamba la mtama huweza kuacha alama ileile.

Shahidi asiyepingika ni mbegu yenyewe. Mbegu iliyoungua haiozi. Wanachofanya ni kuchukua udongo kwa ndoo, kuumwaga kwenye pipa la maji, na kukoroga taratibu. Udongo unazama, mbegu zilizoungua zinaelea kama makapi ya mchele unapooshwa, zinakingwa kwa chujio laini. Mama yeyote aliyewahi kuosha maharagwe akaona mabovu yakielea anaijua kanuni hiyo.

Hapa kwetu mawe ni ya wafugaji

Sasa turudi nyumbani, kwa kuwa hapa ndipo kunapotokea kosa ambalo dalali wa Kajiado alilifanya bila kujua. Amesikia kwamba marundo ya kale ni dalili ya kilimo. Kwa Yorkshire na Småland ni kweli mara nyingi. Ukilichukua wazo hilo ukalipanda Bonde la Ufa bila kulichunguza, litakupoteza.

Marundo ya kale kabisa yaliyochunguzwa vizuri Kenya ni ya wafugaji, na ni makaburi. Nenda Lothagam, magharibi mwa Ziwa Turkana. Yapata miaka 5,000 iliyopita mvua zilikuwa zinapungua, ziwa linarudi nyuma, na watu wenye ng'ombe, mbuzi na kondoo walikuwa wanaingia eneo lile. Walijenga jukwaa la mawe lenye kipenyo cha takriban mita 30, wakachimba shimo kubwa katikati, wakawazika humo watu wao kwa karne kadhaa. Kundi la watafiti lililoongozwa na Elisabeth Hildebrand lilitangaza mwaka wa 2018 kwamba humo wamelala watu wasiopungua 580. Wanaume, wanawake, wazee, watoto wachanga, karibu kila mmoja na mapambo yake, shanga za mawe ya rangi na za ganda la yai la mbuni. Hakuna aliyetengwa kuwa mkubwa kuliko wengine. Mwishoni shimo lilifunikwa kwa mawe, na nguzo ndefu za mawe zikasimamishwa, na pembeni kukawekwa duara na marundo mengine.

Kwa miaka mingi wataalamu waliamini kwamba ujenzi mkubwa wa mawe unahitaji jamii ya wakulima: watu waliotulia, wenye ghala za nafaka, wenye mfalme wa kuamrisha. Lothagam inavunja imani hiyo. Walikuwa wanahama na mifugo na kuvua samaki, hawakuwa na ghala wala mfalme, na bado walikusanyika na kubeba mawe kwa ajili ya wafu wao. Nikiyawaza hayo nakumbuka tulivyokuwa tunalalamikia karai moja ya nyanya.

Wafugaji walishuka kusini taratibu. Yapata miaka 3,000 iliyopita walikuwa wamekaa sawasawa katika nyanda za Nakuru na Naivasha. Karibu na mji wa Nakuru, pale Hyrax Hill, mwanaakiolojia Mary Leakey alichimba mwaka wa 1937 na 1938, akakuta makaburi yaliyofunikwa kwa mawe, na baadhi ya wanawake wamezikwa na sahani na mabakuli yaliyochongwa kwa jiwe. Mwaka wa 1938 yeye na mumewe, Louis, walichimba pango la Mto Njoro, wakakuta mabaki ya watu wapatao 80 waliochomwa moto, wakiwa na mabakuli ya mawe, michi, mawe ya kusagia, shanga na vibuyu vilivyoungua.

Mabakuli na michi! Ukiviona vitu hivyo unafikiria nini? Unafikiria nafaka. Hivyo ndivyo wengi walivyofikiri, na kwa miaka kadhaa bakuli la jiwe lilichukuliwa kuwa ushahidi wa mkulima. Lakini jiwe la kusagia halisemi limesaga nini. Linaweza kusaga mtama, linaweza kusaga mbegu za nyasi za porini, dawa, au udongo mwekundu wa kujipaka. Mwaka wa 2020 ulitolewa utafiti wa mafuta yaliyofyonzwa na vyungu vya wafugaji wa kale wa Kenya na Tanzania. Palikutwa maziwa, nyama, na mimea kiasi, lakini "mimea" peke yake haithibitishi shamba. Hata mchicha wa porini ni mmea.

Mfano wa Hyrax Hill unafundisha jambo jingine. Kwenye kilima kile na kwingineko katika nyanda za juu za magharibi kuna mabonde ya mviringo, mengine yamezungukwa na mawe, yenye kifusi upande wa chini. Yanaitwa mashimo ya Wasirikwa, wakaazi wa kale wa nyanda hizo. Zamani wataalamu walisema watu waliishi ndani yake, nyumba za chini ya ardhi. Mwanaakiolojia John Sutton alipoyachunguza kwa makini, alionyesha kwamba yalikuwa mazizi. Ng'ombe walilala shimoni, nyumba zikajengwa ubavuni, na kile kilima cha kifusi kilichodhaniwa kuwa ujenzi kilikuwa samadi na matope yaliyozolewa nje kila asubuhi, mwaka baada ya mwaka. Kila aliyewahi kuzoa zizi atakubali kwamba samadi hujenga kilima bila mtu kukusudia.

Basi kilimo cha kwanza kiko wapi? Hadi sasa mbegu iliyosema waziwazi haikutoka chini ya rundo. Imetoka kwenye pango la Kakapel, kaunti ya Busia, karibu na mpaka wa Uganda, pale penye michoro ya kale ukutani. Utafiti uliotolewa mwaka wa 2024, uliofanywa kwa njia ile ya pipa la maji, ulipata kunde zilizopimwa zenyewe kuwa na umri wa yapata miaka 2,300, na mtama na wimbi wa angalau miaka 1,000. Kunde asili yake ni Afrika Magharibi, mtama uliingia kwetu kutoka kaskazini mashariki. Pale Kakapel mazao kutoka pande tofauti yalikutana kwa nyakati tofauti, na nafikiri hii ndiyo picha iliyo karibu na ukweli: kilimo cha Kenya hakikushuka siku moja na watu wa aina moja.

Engaruka, mahali mawe yanaposema kilimo

Nisingependa msomaji aondoke akidhani mawe ya Afrika Mashariki hayahusiani na jembe. Vuka mpaka uingie kaskazini mwa Tanzania, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, na utakuta Engaruka. Ni eneo la takriban hekta 2,000 za mashamba ya mawe: vijukwaa vya nyumba kwenye mteremko, mifereji iliyotoa maji mitoni, viploti vilivyopakana kwa mistari ya mawe, na marundo kati yake. Mtu anayejua kusoma shamba la nyanya yangu anaweza kusoma Engaruka. Mistari inafuata mteremko, maji yalielekezwa kutoka kiploti hadi kiploti, na marundo yamekaa pale ambapo hayazuii. Wachimbaji walikuta mtama ulioungua. Daryl Stump na wenzake wameonyesha kwamba sehemu ya udongo wenyewe ilitegwa: wakulima waliweka mistari ya mawe, wakaruhusu maji ya mfereji yalete matope, matope yakatua, wakainua mstari, wakategea mengine. Yaani walitengeneza shamba kabla ya kulilima. Fanya juu ya karne nyingi zilizopita.

Lakini Engaruka si ya maelfu ya miaka. Ilistawi kati ya karne ya 15 na ya 18, kisha ikaachwa. Louis Leakey, aliyefika mwaka wa 1935, alihesabu vijukwaa vya nyumba akakisia watu zaidi ya 30,000. Waliomfuata waliona amezidisha, kwa sababu nyumba hazikukaliwa zote kwa wakati mmoja, kama ambavyo mashamba hayakulimwa yote kwa msimu mmoja. Kosa hilohilo linamngoja yeyote anayehesabu marundo: elfu moja ya marundo inaweza kuwa kazi ya familia tatu kwa miaka 300.

Na kuna upofu mwingine ambao mkaazi wa Nairobi anauelewa upesi. Kaskazini na magharibi mwa jiji, upande wa Kiambu, udongo ni mwekundu na wenye kina. Unachimba choo futi 30 bila kugonga jiwe. Mkulima wa kwanza wa huko hakuwa na jiwe la kuokota. Aliacha vigae vya vyungu, labda chuma, na jivu. Upande wa mashariki na kusini, Embakasi hadi Athi River, udongo mweusi umekaa juu ya mwamba na mawe yako kila mahali, lakini ni nchi ya malisho. Kwa hiyo anayetafuta kilimo cha kale kwa kufuata marundo atakiona pale penye mawe tu, na ataikosa ardhi iliyo bora. Isitoshe, mtu wa jembe la mkono hahitaji kuondoa kila jiwe. Anapanda katikati yake. Plau ndiyo isiyovumilia mawe, na plau ya ng'ombe ilitufikia juzi tu, enzi za ukoloni.

Kona ya juu ya ploti

Nilifika Kajiado Jumamosi iliyofuata. Mzee wa mbuzi alikuja pia, nikamsalimia shikamoo, akanionyesha jiwe alilosema liliwekwa na baba yake. Sikugusa kitu. Nilitembea tu.

Kwanza nilitafuta marundo mengine. Nilikwenda mpaka mwisho wa ploti, nikaomba ruhusa nikavuka ya jirani, sikuona hata moja. Hili liko peke yake, juu ya mgongo wa ardhi, mahali panapoonekana kutoka mbali. Nililizunguka. Upande wa juu udongo haukuwa umejikusanya. Uko sawa na upande wa chini. Mawe ya ukingoni ni makubwa, mengine hayainuliki na mtu mmoja, na yamesimamishwa ubavu kwa ubavu kwenye duara ambalo bado unaweza kulifuata kwa kidole chini ya nyasi. Mawe ya juu ni madogo, ya kila aina, kama yaliyoongezwa na wapita njia.

Kisha nikafanya jambo ambalo dalali angepaswa kulifanya kabla ya kusema. Nilisimama kwa hatua 20 kutoka kwenye rundo, nikapiga magoti, nikahesabu mawe yenye ukubwa wa ngumi ndani ya mraba wa hatua moja kila upande. Yalikuwa 31. Nikasogea upande mwingine: 27. Ardhi yote ile imejaa mawe ambayo mkulima yeyote angeyatoa kwanza, na hakuna aliyeyagusa. Aliyelijenga rundo lile alipita juu ya mawe hayo, akaenda kutafuta makubwa, akayapandisha mpaka pale juu.

Siwezi kusema amelala nani, wala tangu lini; hilo litajulikana siku mtaalamu atakapofunua kawa, akiona inafaa kulifunua. Binamu alipiga picha, akaandika mahali lilipo, akazipeleka Makavazi ya Kitaifa, kama inavyotakiwa na sheria ya turathi ya 2006 kwa mtu anayekuta kitu cha aina hii. Ramani ya nyumba imesogezwa mita kumi kuteremka. Fundi alinuna siku mbili, kisha akaagiza mawe ya msingi kutoka machimboni.